Siku Mfuko Uliposhikwa Mtaa wa Kongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya kuazima, nikajipaka mafuta mpaka kisogoni, nikatoka Buguruni nikijua naenda kupanda jukwaani. Profesa alinipokea mlangoni kwake, mtaa wa Gerezani, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akanipa sindano. Alikuwa na mfuko wa mahameli mwekundu uliochanika pindo, na alikuwa amesikia kwamba mimi ni fundi cherehani. Basi, nikakaa sakafuni na suti yangu, nikashona mpaka adhuhuri. Moyoni nilinuna kweli kweli.

Msidhani Profesa alikuwa wa chuo kikuu. Katika kazi yetu ya mazingaombwe, kila kiongozi wa kikundi aliitwa Profesa, na hakuna aliyemuuliza cheti. Wa kwangu alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na hakupenda uchafu hata kidogo. Ukija na kucha ndefu alikurudisha nyumbani. Alisema watu wanatazama mikono yako kuliko uso wako, kwa hiyo mikono ndiyo iogeshwe kwanza.

Mfuko wenyewe niueleze, maana siku hizi hamuuoni. Mdomo wake ni wa duara, wenye waya ndani ili usijifunge, na ubavuni una mpini wa mbao unaojaa kiganja. Unatia kitambaa cheupe, unatoa chekundu. Unatia yai, kinatoka kifaranga. Kabla ya onyesho unaulisha, yaani unaweka mzigo wake faraghani. Mbele za watu unauapisha, yaani unaufungua wote wauone mtupu na mtu mmoja atie mkono. Katikati ya hayo unapiga soga, maneno ya kuwachekesha ili macho yao yaende unakotaka wewe. Ndani ya mpini kuna jambo moja, na jambo hilo sitaliandika hapa hata mnishikie panga.

Lakini mtu aliyeushona mfuko ameshaujua, hakuna namna. Nilipokata uzi wa mwisho Profesa alifunga mlango, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Kuanzia leo tunaojua ni wawili," aliniambia. "Na jambo la pili. Mtu akiushika mfuko ukiwa na mzigo, usivutane naye. Mkivutana utachanika, na ukichanika hatuna kazi, mimi wala wewe."

Nikaitikia, nikidhani ni maneno ya kumtisha mgeni. Nani atakuja kushika mfuko wa mtu mbele ya watu wote?

Tulizunguka shule, harusi, ngoma za mitaani, viwanja vya sikukuu ya Idi. Mara ya kwanza kuachiwa mfuko peke yangu ilikuwa mbele ya watoto wa shule ya msingi, na kifaranga kikaanza kulia ndani kabla sijatia yai. Piii, piii. Nikashika tumbo nikasema nimetoka nyumbani bila kula. Watoto walicheka mpaka mwalimu mkuu akavua miwani afute machozi. Nilipotoa kifaranga chenyewe, paliruka kelele ambayo mpaka leo nikiikumbuka nywele zinanisimama. Siku ile ndiyo niliyoipenda kazi hii, niliipenda kama mtu anavyopenda mchumba, na suti ya kuazima nikaisamehe.

Profesa alipochoka alirudi kwao Tanga, akaniachia mfuko. Hakufanya sherehe. Alinikabidhi ukiwa umekunjwa kwenye gazeti, akaniuliza kama nakumbuka mambo mawili ya siku ya kwanza, nikamtajia yote, akapanda basi.

Kutoka hapo nikapata nafasi katika hoteli moja kule Posta, chini ya Meneja wa Burudani. Huyu alikuwa mtu wa tai, na usiku wa kwanza tu alinivuta pembeni akasema, "Punguza maneno. Watu wanakula." Nilikasirika, maana soga ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Lakini alinifundisha kazi ya mezani, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Hapo hakuna jukwaa la kukuweka mbali na watu. Mtu yuko karibu anasikia unavyopumua, na wewe unaazima pete au saa yake, unaitia mfukoni, haipo, unairudisha ikiwa imefungwa utepe. Familia za Kihindi za Kisutu ziliniona pale zikaanza kuniita nyumbani kwao wakati wa Diwali, na kina bibi wa huko walikuwa wakali wa kutazama kuliko wote. Miaka ile nilizoea watu wanaokupa saa ya dhahabu bila hata kuuliza jina lako. Mazoea hayo karibu yaniponze.

Meneja alihamishwa, aliyekuja baada yake akapenda disko, mimi nikajikuta nje. Ndipo nikachukuliwa na Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wanaotoka Kilimanjaro. Alikuwa akiuza vitambaa kwa jumla Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Alitaka mtu wa kusimamisha wapita njia mbele ya duka lake, na akanipa maelekezo mafupi kuliko bosi yeyote niliyewahi kuwa naye.

"Mimi sitaki wakushangae tu," alisema. "Nataka wakushangae wakiwa ndani ya duka langu."

Wee, Kariakoo asubuhi! Watu kama wamemwagwa. Wabeba mizigo wanapiga miluzi wapishwe, wauza soksi wanaimba bei, spika zinagombana kutoka kila mlango. Nilisimama kwenye kreti la soda nikauapisha mfuko, na kabla sijamaliza nusu ya soga nilikuwa nimezungukwa. Damu ilinichemka kwa furaha. Hotelini nilikuwa nanong'ona, hapa nilipata tena sauti yangu, nikaitumia yote.

Pembeni ya duka la Mangi kulikuwa na meza ya Mama Sada. Aliuza vitenge na mitandio, mwanamke wa makamo yangu, mkimya, mwenye jicho la kukupima. Kwa siku kadhaa tulikuwa tukisalimiana vizuri tu. Asubuhi moja nilihitaji kitu cha kuazima kwa haraka, watu wamejaa, nikanyoosha mkono mezani kwake nikachukua mtandio mwepesi wa njano. Nikasema naazima, dada yangu, na kabla hajajibu ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Mtu wa Kariakoo akisikia hivyo anashika kichwa. Pale kitu hakitoki mezani kwa mwenye biashara kabla mteja wa kwanza hajaifungua siku. Haazimi, hakopeshi, hata mkasi wake hatoi. Na Mama Sada asubuhi ile hakuwa ameuza hata uzi. Mimi na uhoteli wangu nikageuza mfuko, nikawafungulia watu wauone mtupu, mtandio haupo. Watu wakashangilia wakaanza kusukumana kuingia kwa Mangi.

Mama Sada akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha zaidi.

"Huyu ni chuma ulete," alisema. "Kanichukulia mtandio sijafungua biashara. Ndiyo maana watu wote wanapita kwangu wanaingia kwa Mangi."

Chuma ulete ni uchawi wa kumvutia mwenzako mapato yake kwa siri, na Kariakoo hakuna tuhuma mbaya kuliko hiyo. Neno lilizunguka mtaa mzima kabla sijashuka kwenye kreti. Wabeba mizigo waliweka mizigo chini. Wale waliokuwa wakinishangilia wakanikazia macho. Mangi alivuta geti lake nusu, akabaki ananichungulia. Mtu mmoja nyuma akaulizia tairi, na mnajua tairi la nini.

Mama Sada akaushika mfuko. Aliushika mahameli kwa mikono miwili, mimi nimeshika mpini, na mtandio wake umo ndani, upande ambao hakuna anayeuona. Niliogopa, wanangu. Nikiuchana mfuko mbele yao napona, lakini siri yote inamwagika barabarani na kazi yangu imekwisha pale pale. Nikinyamaza, tairi linakuja. Mkono wangu ukaanza kuvuta wenyewe, nikausikia mshono niliouweka siku ya kwanza unalia. Hapo nikamsikia Profesa kama yuko begani kwangu: usivutane naye.

Nikaacha kuvuta. Nikamwinamia Mama Sada kama mtu anayeomba msamaha, nikamtia mpini kiganjani.

"Mtandio wako umo humu humu," nilimnong'oneza. "Kidole gumba hapa, sukuma taratibu. Ukitaka waniue, waambie ulichokiona. Ukitaka mtandio wako, uite."

Akasukuma. Nilikuwa karibu na uso wake kuliko mumewe. Kwanza hasira ilikuwepo, halafu ikaondoka ikaja mshangao, halafu nikaona shavu moja limevimba kwa kicheko anachokizuia. Alikuwa ameelewa. Alilitazama kundi lile lote linalongoja kinywa chake, akanitazama mimi, na wallahi alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani alikuwa ananikomoa.

Kisha akaunyanyua mfuko juu, akasema kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto, "Mtandio wangu, rudi nyumbani." Akatia mkono, akautoa polepole, wa njano, mrefu, akaupeperusha juu ya vichwa vya watu. Mtaa wa Kongo ulilipuka. Yule wa tairi ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Mbeba mizigo mmoja akatoa hela akaununua mtandio ule ule ampelekee mkewe, na hivyo biashara ya Mama Sada ikafunguliwa. Mpaka adhuhuri hakuwa na mtandio wa njano hata mmoja.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti. Mchana aliniletea sahani ya mihogo ya kukaanga, akaiweka magotini kwangu, akanieleza msimamo wake.

"Sitasema," alisema. "Lakini ukirudia kushika meza yangu asubuhi, nitasema."

Sikurudia. Tangu siku ile nilikuwa sipandi kwenye kreti mpaka nimeona Mama Sada ameuza cha kwanza, na wakati mwingine Mangi alinifokea kwamba nachelewa kazi ya watu. Nilimwacha afoke. Na yeye Mama Sada alitunza neno lake kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Majirani walimbembeleza. Mangi mwenyewe alimwahidi kitenge cha kushona gauni. Mumewe, marehemu Baba Sada, alinuna kwa sababu mkewe ana siri na mwanamume mwingine, ikabidi niende kwake nimwamkie vizuri nimweleze kwamba siri yenyewe ni ya mbao na kitambaa. Hata hapo hakuambiwa. Niliwahi kumuuliza mwenyewe kwa nini hasemi. Akaniuliza na yeye, kitu alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe, akakigawe bure kwa wapiga debe?

Miaka ikaenda. Mangi alizeeka, binti yake akaanza kuuza vitambaa kwa simu, na mtu wa kwenye kreti hakuhitajika tena. Alinibakizia maonyesho ya mkesha wa Idi na mkesha wa Krismasi tu, kwa heshima ya babake. Mwili nao ukaanza kudai. Baridi yabisi iliingia vidoleni, ikaanzia, bila aibu, kwenye kidole gumba cha kulia.

Mkesha wa Idi iliyopita nilipanda kwenye kreti nikijua moyoni kwamba ni mara ya mwisho, ingawa sikumwambia mtu. Watu walijaa kama zamani, tofauti ni kwamba sasa kila mmoja ameinua simu anarekodi. Simu haina huruma, unaweza kuikwepa leo, kesho wakairudisha taratibu wakakuona. Nikaazima kwa mwalimu mmoja kijana mtandio wake, wa njano kwa kweli, nikautia, nikapiga soga, nikawafungulia mfuko wauone mtupu. Wakapiga makofi. Nikaenda kuugeuza urudi.

Kidole kikakataa. Nilisukuma, hakuna kitu. Nikaongeza soga, nikasukuma tena, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Yule mwalimu akaanza kutabasamu kwa wasiwasi, na mimi nikaona kazi yangu yote inaishia hapo, kwenye simu za watu, mzee aliyepoteza mtandio wa mtoto wa watu.

"Mwizi huyo."

Sauti ilitoka kwenye meza ya vitenge. Mama Sada aliinuka kwenye kigoda chake, sasa ni bibi wa wajukuu, akaja akiwapangua watu kwa fimbo yake.

"Chuma ulete huyo, namjua tangu zamani. Nipe huo mfuko."

Akanipokonya mbele ya simu zote. Sikuvutana naye. Watu walicheka, walidhani tumepanga, na binti wa Mangi alicheka kuliko wote. Mama Sada akaunyanyua mfuko, kidole chake gumba kikafanya kazi yake bila mtu kukiona, akasema maneno yale yale ya siku ile, akautoa mtandio akamfunga mwalimu mwenyewe kichwani. Kelele zilizopigwa, jamani, nilizisikia kifuani. Nililia pale juu ya kreti, na sikuona haya.

Nimestaafu sasa. Vijana wananifuata nyumbani Buguruni, shikamoo nyingi, wameitazama ile video wakiirudisha taratibu na hawakupata kitu. Wanataka kujua kilichomo kwenye mpini. Nawaambia mfuko sinao, Mama Sada hakunirudishia, na mimi sikuudai. Waende Mtaa wa Kongo, meza ya vitenge pembeni ya duka la Mangi, wamuulize yeye. Atawauzia mtandio. Ila wasifike kabla hajafungua biashara.