Shati la Masha

Mwaka wa 1944 vitambaa vilikuwa adimu Changamwe. Nyevu alikuwa ameshapata habari kwamba mumewe, Masha, amefia vitani Burma, na binti yao mdogo, Kahaso, hakuwa na nguo ya Krismasi. Akalitoa sandukuni shati jeupe la marehemu, akashika mkasi.

“Utalikata shati la mwanangu?” akauliza mama mkwe wake, Nyamvula.

“Mama, mwenyewe harudi tena. Na mwanawe hana la kuvaa.”

Nyamvula akaketi mkekani karibu naye. “Mfuko wa kifuani usiubandue,” akasema. “Niliushona mimi.”

Nyevu alilishona gauni kwa mkono siku mbili. Asubuhi ya kwenda kanisani, Nyamvula ndiye aliyemvisha mjukuu wake, akikawia kwa kila kifungo.