Korido ya Bani Malik

Kazi yangu ni kukagua lifti. Naishi Riyadh katika nyumba za kampuni, na kila mwezi hutumwa Jeddah kwa siku chache. Huko silali hotelini. Nina kitanda Bani Malik, sebuleni kwa wapangaji wawili, Mganda na Mnyarwanda. Mimi ni Mtanzania, na wao waliliona hilo kuwa jambo zuri.

Walikutana kwenye foleni ya ikama, kibali cha kuishi nchini. Mmoja alimsikia mwenzake akiongea Kiswahili cha jeshini kwenye simu, akamwita "afande", naye akageuka. Ujanani wote walikuwa askari, kila mtu katika jeshi la nchi yake, na majeshi hayo yaliingia Kongo yakiwa upande mmoja. Sasa Mganda analinda ghala na Mnyarwanda anaendesha lori la maji. Walipanga nyumba pamoja, wakanunua jiko pamoja, wakawa wanakula sinia moja.

Jioni moja, mbele yangu, walikuwa wakisimulia mvua za Kongo, wakagundua kwamba wote walikuwa Kisangani wiki ile ile. Ndiyo wiki ambayo majeshi hayo rafiki yaligeuziana mizinga. Waganda walishika ng'ambo ya mto Tshopo, Wanyarwanda wakashika katikati ya mji, na makombora yakapita juu ya vichwa vya wenye mji. Mengine hayakupita.

"Kumbe ni nyinyi mlikuwa mnatupiga kutoka ile daraja," Mnyarwanda akasema.

"Nyinyi ndiyo mlianza, afande."

"Sisi? Sisi tulikuwa tunakunywa chai."

Walicheka sana. Lakini safari iliyofuata nilikuta jokofu limebandikwa utepe katikati na mitungi ya gesi imekuwa miwili. Hawakuwa wamegombana. Kila mmoja alinieleza kwa wakati wake kwamba ni kwa ajili ya utaratibu tu. Mimi wakaniita mwangalizi wa kimataifa, kwa kuwa nililala sebuleni na sikuwa na chumba cha kutetea. Nikawa silali vizuri. Nimezoea kutafuta ufa kabla haujaonekana, na nyumba ile ilikuwa na ufa.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani nilipeleka suruali kwa fundi cherehani wa mtaa wa Karantina, Mkongo wa makamo aliyekuwa akinishonea siku zote. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu amri ya kuhama, maana mtaa ulikuwa unabomolewa. Alikuwa akilala chumba cha nyuma, na cha mbele kilikuwa duka la kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Vyote vilikuwa vinaondoka. Kafili alikuwa amekwisha pokea oda za kanzu za watoto za Idi, na alimwambia achukue cherehani, atafute pa kushonea. Kanzu zikiwa tayari kabla ya Idi, atafunguliwa duka jingine. Zisipokuwa tayari, halas, ikama haitafanywa upya na atarudishwa kwao.

Nikamtajia Bani Malik. Nilimweleza wazi ni watu gani wanaoishi pale na waliwahi kuwa wapi, kwa kuwa nilijua yeye kwao ni Kisangani.

Alikata uzi kwa meno. "Mi nahitaji soketi, papa. Mengine tutaona."

Wapangaji nao niliwaambia anatoka wapi. Nilitazamia kusita. Badala yake walianza kushindana. Mganda alihamisha masanduku, akaacha nusu ya chumba chake wazi. Mnyarwanda alinunua meza ya mtumba na kuiweka chini ya dirisha lake. Fundi alipofika Ijumaa baada ya sala, kichwa cha cherehani mikononi, aliwakuta wote wawili mlangoni.

"Mgeni iko wangu," Mganda akasema. "Kwako kuna joto."

"Kwako kuna giza. Atashona na tochi?"

"Sisi tulikaa vizuri na raia, afande. Waulize."

"Raia walitupenda sisi. Huyu hapa, muulize yeye."

Fundi aliwatazama kwa zamu. "Mlikuwa upande gani wa daraja, bapapa?"

Kila mmoja alitaja upande wake, kwa sauti ya chini kuliko nilivyozoea.

"Sisi tulikuwa katikati. Mama alitulalisha kwenye kuluwari, korido kama hii, sababu pale kuna ukuta wa huku na ukuta wa huku. Dada alienda chumbani kuchukua blanketi, hakurudi." Akaweka cherehani chini, katikati ya korido, baina ya milango yao miwili. "Nitakaa hapa."

Nilirudi Riyadh nikaacha amani ya namna fulani. Haikudumu. Kila mmoja alimvutia fundi ekstensheni kutoka chumbani kwake, ikawa cherehani moja ina nyaya mbili na lazima ajue leo atumie ya nani. Kisha kila mmoja akaamua korido ina joto, akafungua mlango na kuwasha kiyoyozi hadi mwisho ili baridi yake imfikie mgeni. Nyumba ya zamani haiwezi kubeba viyoyozi viwili na cherehani. Umeme ulianza kukatika.

Simu zilinijia nikiwa kazini. "Huyu mtu anamharibia fundi kazi," Mganda alilalamika. Muda si mrefu Mnyarwanda naye akaniambia maneno hayo hayo. Niliwaomba wazime. Kila mmoja alikuwa tayari kuzima, baada ya mwenzake. Nikawauliza kanzu zimefika wapi, hakuna aliyejua. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikaenda Jeddah kabla ya wakati wangu.

Nilifika asubuhi katika kumi la mwisho la Ramadhani. Cherehani ilikuwa kimya, vitambaa vyeupe vimejaa hadi mlango wa choo, na bado vingi havijashonwa. Fundi alikuwa ameweka benchi kukinga korido. Mnyarwanda alitoka chumbani, akataka kuliruka.

"Simama," fundi akamwambia. "Kitambulisho."

Mnyarwanda alitabasamu. Fundi hakutabasamu. Mganda alitokeza kichwa upande wa pili, naye akaambiwa vilevile. Niliona nyuso zao zikielewa. Walikuwa wameitamka amri ile ujanani, kwenye vizuizi vya mji wa watu. Mganda ndiye aliyetoa ikama kwanza. Mnyarwanda hakukubali kuwa nyuma, akatoa yake.

Fundi akazitia zote mfuko wa shati, kama kafili anayeshika hati za wafanyakazi wake. "Mtazipata nikimaliza. Sasa zimeni, wote, mara moja. Mtanzania atahesabu."

Nikahesabu hadi tatu. Viyoyozi vikazima pamoja.

Joto liliingia nyumbani kama mtu mwenye ufunguo. Ilibidi milango ikae wazi, na wakikaa vitandani walikuwa wanatazamana, fundi akiwa katikati. Ilipofika alasiri Mnyarwanda aliomba sindano na kanzu zilizokuwa hazina vifungo. Mganda akaomba zake.

"Afande, hicho kifungo kiko kombo."

"Tazama chako kwanza."

Walishindana hivyo kwa siku zote zilizobaki, kila jioni wakidai fundi atamke nani ameshona vingi, naye akikataa. Kafili alichukua kanzu za mwisho siku moja kabla ya Idi, zikiwa bado na joto la pasi. Fundi aliwarudishia ikama zao, akafunguliwa duka mtaa wa Ghulail, akaondoka na ekstensheni zote mbili. Kila mmoja aliniambia yake alimpa kama zawadi.

Ikama ya fundi nayo ilipofanywa upya alinipigia simu kunijulisha. Nilikuwa Bani Malik, nimekaa kitandani kwangu sebuleni, nikiwatazama wawili hao wakipima korido tupu kwa futikamba. Walikuwa wanataka kuweka kabati la viatu.

"Wamekwisha gawana kuluwari?" akaniuliza.

"Bado."

"Watagawana," akasema, na nyuma yake nikasikia cherehani ikianza.