Kitambaa cha Mkiani

Shemeji yangu, mume wa dada, hakai. Hata chai anainywa huku anazunguka meza. Watu wanamwita Kwato, na aliyelianzisha jina hilo ni mke wake mwenyewe.

Ana farasi watatu wa kukodisha kwa wanaotaka kupanda Jumapili. Yule jike wa kijivu alizaliwa mikononi mwake, lakini ana tabia mbovu: ukimpitia nyuma, anarusha teke. Kwa hiyo Kwato humfunga kitambaa chekundu mkiani, na wapandaji wote wanajua maana yake: kaa mbali.

Jumapili ile fundi cherehani, akisubiri zamu, alipita nyuma yake. Teke moja tu, paja likavunjika. Mkia ulikuwa mtupu. Kitambaa kilikuwa uani kwenye kamba. Dada alikifua pamoja na mashuka, eti kilikuwa kinanuka.

Wakili tuliyemwendea hakuzunguka. "Mnyama wako anajulikana kwa mateke, lazima uonye watu. Kama ulionya, una la kujitetea. Kama hukuonya, matibabu ni juu yako."

Juu yake maana yake ni kumuuza yule wa kijivu. Wale wawili wengine ni wazee, hawana bei, na pale nyumbani hakuna kingine cha maana, labda ulimi wa dada yangu.

Kwato akawa anakwenda na kurudi kati ya banda na jikoni mpaka nyasi zikang'oka.

"Sema kilikuwepo, kikadondoka," dada akamwambia. "Nani atabisha?"

"Hebu kaa chini, mama."

"Wewe ndiye wa kumwambia mtu akae?"

Tukaenda hospitali sote watatu. Fundi alikuwa amelala, mguu umening'inizwa.

"Kwato, niambie kweli," akasema. "Nashinda hapa nayalaumu macho yangu. Kitambaa kilikuwepo, nikakipita tu?"

Dada akakohoa. Nikamkanyaga.

Kwato akakitoa mfukoni, bado kina kibanio cha kuanikia. "Kilikuwa kwenye kamba. Macho yako mazima, fundi."

Yule wa kijivu alichukuliwa Ijumaa. Lori limeshawaka, Kwato akalikimbilia, akapanda ubavuni, akafunga kitambaa mkiani mafundo mawili.

"Mwambie tajiri wako," akamfokea dereva, "kikinuka, akiache kinuke!"

Siku hizi chai anainywea bandani, akizunguka pale palipobaki wazi. Dada anampelekea, anaweka kikombe, anaondoka bila neno.