Barua za Mwisho wa Mwaka 1969

Kila Desemba mama mmoja mzee, aishiye peke yake, huja dirishani kwangu, hapa posta yetu ya Iowa, Marekani, na bahasha thelathini zilizofungwa kwa uzi wa jikoni. Stempu huzilowesha kwa sifongo, kisha hukandamiza kila moja kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Huku kwetu kila nyumba huwaandikia jamaa barua ya kufunga mwaka: nani kazaa, nani kahama. "Mama, mwaka huu umeolewa?" Verlin, karani mwenzangu, alimtania safari hii. "Nilikuwa na miadi na mwezi, Verlin, wanaume wakawahi kuukanyaga." Tukacheka. Akanisukumia bahasha moja isiyo na stempu. "Hii yako, mwanangu."

Nikaisoma alipotoka. Watu wametembea mwezini. Timu ya besiboli ya New York, iliyozoea kushika mkia, imetwaa ubingwa. Vijana laki nne wamelala matopeni kwenye tamasha la muziki wakisikiliza magitaa. Nikatafuta habari zake mwenyewe, zilikuwa mstari mmoja, chini kabisa: "Nami sijambo, yupo karani anihudumiaye posta, huniuliza hali yangu." Nimemhudumia miaka tisa. Sijawahi kumwuliza lolote ila idadi ya stempu.