Fundi wa Mkolani na Kadi Yangu ya Kupimia Macho

Klabu yetu ya kujitolea ilipoandaa siku ya kugawa miwani ya kusomea pale Mkolani, nilipewa meza ya kupimia macho kwa sababu, walisema wenzangu, mimi ndiye msomi. Sikubisha.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani. Nilimpa shikamoo na kadi yenye maandishi madogo. Alipokea shikamoo, kadi akairudisha.

"Mwanangu, mimi gazeti silisomi hata nikiliona. Kinachonishinda ni hiki." Akafungua pindo la kanga, akatoa sindano na uzi mweusi. "Kila asubuhi jirani ndiye anayenitungia. Wateja wakijua, watanikimbia."

Tukajaribu miwani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uzi ukapita pembeni kila mara. Akaanza kuukunja ili aondoke. Kwa kutaka kumtia moyo, nikasema labda sindano ndiyo mbovu, nikaichukua nihakikishe. Nilijichoma kidole mara mbili, foleni nzima ikitazama.

"Wewe nawe huoni!" akasema, akicheka. Akavuta boksi la miwani, akachagua mwenyewe, akavaa. Uzi ukaingia mara moja.

"Kesho jirani atalala mpaka achoke," akasema. Kisha akaitwaa kadi yangu, akaiweka chini ya meza, akakalia kiti changu.

"Anayefuata!"

Waliobaki wote walipimwa naye, kwa sindano ile. Mimi nilikwenda kupanga foleni.