Bibi Aliyeachwa Ng'ambo ya Ruzizi

Ukurasa wa nne wa toleo la tatu una doa la mafuta ya kuku. Georgette Namwezi, aliyelitengeneza gazeti hilo, haoni haya kulionyesha. Kuku huyo alitoka Sange juu ya kamyo, lori la pamba, amefungwa miguu, na barua ya msomaji imeshonewa kwenye kitambaa shingoni. Georgette na mwenzake Cyprien walimla siku hiyohiyo, huku karatasi zikikauka mezani.

Gazeti liliitwa *Nzigire na Sisi*. Lilitolewa Uvira kuanzia mwaka uliofuata uhuru hadi vita vilipoingia mjini, na Chama cha Marafiki wa Nzigire. Nzigire hakuwa mtu. Alikuwa msichana wa vitabuni, kazi ya mwalimu mmoja wa Nyakabere aliyeitwa Sévère, na vitabu vyenyewe vilikuwa vyembamba kiasi cha kuingia katika mfuko wa shati. Msichana huyo aliishi kando ya Ruzizi na bibi yake na mbuzi wao, na rafiki yake alikuwa kiboko mlafi jina lake Tumbo. Watoto wa shule wa wakati ule walikuwa wamezoea vitabu vya theluji na treni. Nzigire alikula bugali na sombe, ugali na majani ya muhogo ya kwao. Mtoto wa Uvira aliyesoma jambo hilo kwa mara ya kwanza aliweza kuurudia ukurasa huohuo mara kumi, kisha akaenda kumsomea jirani.

Georgette alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa darasa la pili, ndiyo maana wote walimwita Mamzeli, kama walivyoitwa walimu wa kike. Cyprien alikuwa mtu wa roneo, mashine ya kunakili kwa wino, katika ofisi ya mapadri. Alikuwa ameruhusiwa kutumia mashine Jumamosi alasiri kwa sharti moja: asiguse karatasi mpya. Kwa hiyo gazeti zima lilipigwa nyuma ya karatasi zilizoharibika, na anayegeuza hadithi ya Nzigire leo atakuta saa za misa za mwaka 1959, au tangazo la ndoa la watu wasiojulikana tena. Harufu ya wino ule Georgette anasema hajaikuta mahali pengine popote. Ilikuwa nusu mafuta ya taa, nusu kitu kitamu, na ilikaa kwenye vidole hadi Jumatano.

Ukurasa wake yeye ulikuwa wa nne, uliobeba kichwa "Wanashukuru". Hapo zilichapwa barua za wasomaji. Lakini katika bonde la Ruzizi na kandokando ya ziwa mtu hashukuru kwa mdomo mtupu, na wasomaji wa Nzigire hawakuona kwa nini gazeti lihesabiwe tofauti na jirani. Barua ilifika na mayai yaliyofungwa katika maganda ya mgomba, au na mchele wa Sange, au na ndagala, dagaa wa ziwani, ndani ya jani. Wakati mwingine alifika kuku.

"Mamzeli, msomaji huyu anaandika vizuri sana," Cyprien alisema siku moja, amemshika kuku miguu.

"Barua hujaifungua."

"Hapana. Lakini nimepima uzito."

Desturi hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mtu mwenye lawama haji na zawadi, angeonekana mnafiki. Barua za kulalamika zilifika zenyewe tu, na Georgette, aliyekuwa bado anapepeta mchele wa wenye kushukuru, aliziweka kando. Ukurasa uliitwa Wanashukuru, alijiambia, haukuitwa Wanalalamika. Tena alimjua Mwalimu Sévère. Padri mmoja aliwahi kumsahihisha mkato mmoja, naye akakaa miezi miwili bila kuandika.

Lalamiko lilikuwa moja tu. Katika toleo la tano, ambako hadithi mpya ilianza kutolewa kipande kwa kipande, mto ulifurika. Nzigire akapanda mgongoni mwa Tumbo akavuka kwenda ng'ambo, akaanza mambo mengi huko: soko, mwizi wa ngoma, harusi ya kobe. Bibi alibaki ukingoni na mbuzi. Hakutajwa tena, si katika toleo la sita, wala la saba, wala la nane. Watoto wakaandika kuuliza: na bibi?

"Hizi zote ni za bibi?" Cyprien aliuliza akiziona barua kando ya meza.

"Zote."

"Na Mwalimu hazijui?"

"Atakasirika. Ataacha kuandika."

"Dada, weye unamuficha mwenye nyumba kwamba paa linavuja."

Georgette alimwambia azungushe mashine.

Toleo la tisa lilikuwa halijapigwa, na mchele wa wasomaji walioshukuru toleo la nane ulikuwa umekwisha kuliwa, waasi walipoingia Uvira. Ilikuwa Mei 1964. Walikuja kutoka bondeni, na habari iliyowatangulia ilikuwa kwamba wanawatafuta makarani, walimu, na kila mwenye kalamu. Georgette aliishi na mama yake, Agathe, mjane ambaye miguu yake ilikuwa imevimba tangu mvua za mwaka uliopita. Majirani walikuwa wanafunga mizigo.

"Tutakubeba," Georgette alimwambia.

"Nani? Weye, na mikono ya kushika chaki?" Mama Agathe hakuinuka kwenye mkeka. "Minye, mama yako, haiko mwalimu. Watanitafutia nini, kisukari cha miguu? Enda."

"Siwezi kukuacha."

"Enda, nimesema. Mutanikuta hapa."

Akaenda. Alivuka na majirani kuingia Burundi, akapewa nafasi katika kibanda cha nyasi pembeni mwa mashamba ya pamba, pamoja na mamia ya watu wa bonde. Siku ya pili alikuwa anateka maji mtoni, akasikia mtu amesimama nyuma yake.

"Weye njo Georgette wa ku gazeti?"

Alikuwa msichana wa kama miaka kumi, kichwa kimenyolewa, anabeba mdogo wake mgongoni. Jina lake Pudentienne, wa Nyakabere.

"Ndiyo mimi."

"Na bibi?"

Mama wa msichana, aliyekuwa nyuma yao, alimpiga kikofi kidogo begani. "Salimia kwanza!"

"Jambo, Mamzeli. Na bibi?"

Georgette alisema hajui. Msichana akamwambia kwamba yeye aliandika mara tatu, na mara ya tatu mwalimu wake alimwazima wino mzuri. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha ndoo aliyoazima jirani. Wakafika wengine jioni hiyo, na kesho yake wengine, kwa maana habari ilikuwa imeenea kwamba Mamzeli wa gazeti yuko kambini. Wote waliuliza lilelile. Wengi wao walikuwa wamevuka Ruzizi bila mtu fulani, na Georgette alitambua polepole kwamba hawamwulizi kitu cha kuchezea.

Waliokula vitu vya watu wanadaiwa hadithi; ndivyo alivyoliona jambo. Akaulizia Mwalimu Sévère. Walimwonyesha kambi nyingine, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Alimkuta amekaa juu ya gogo, amevaa koti lake la darasani katika joto lile, anasuka mkeka vibaya.

"Mwalimu, bibi yake Nzigire iko wapi?"

"Bibi gani?"

"Ule uliacha ku ng'ambo na mbuzi."

Mikono yake ilisimama. "Hakuna mutu aliuliza. Minye nilisoma Wanashukuru ya kila toleo, mustari kwa mustari. Bote banashukuru."

"Baliuliza. Minye nilificha barua zao."

"Bangapi?"

"Bengi kuliko kuku wote tuliokula."

Georgette alingoja akemewe. Sévère akasema kwamba yeye mwenyewe alimkumbuka bibi katika toleo la sita, akaona aibu kumrudia baada ya kumsahau, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza akafikiri amepona. Walicheka wote wawili, yeye hadi akakohoa. Akatoa penseli mfukoni mwa koti.

"Haiko kazi kubwa. Tumbo anarudi, bibi anapanda, wanavuka. Mwisho mwema." Akaandika mistari miwili, akaacha. "Lakini siku ile ya mafuriko mgongo wa Tumbo ulikuwa na nafasi. Kwa nini bibi hakupanda?"

"Alikataa," Georgette alisema.

"Nani alikuambia?"

"Miguu yake ilikuwa imevimba. Akamwambia Nzigire aende, atamkuta palepale."

Katika vitabu vyote vya Sévère hakuna mahali panaposema lolote kuhusu miguu ya bibi. Mwalimu akaweka penseli juu ya goti.

"Mama yako iko wapi, Mamzeli?"

"Uvira."

Mwalimu alimpa mkeka aendelee kuusuka, akaandika hadi vivuli vilipoanza kurefuka.

Toleo la tisa halikupigwa kamwe. Lilisomwa. Jumapili baada ya sala, kwenye uwanja wa kuanikia pamba, Georgette alisimama na karatasi mbili za penseli, Sévère ameketi nyuma yake kama mshtakiwa. Watoto walijaa mbele, wakubwa wakasimama pembeni wakijifanya wanapita tu. Katika kipande hicho Tumbo anarudi ng'ambo na kumkuta bibi anamenya mihogo. Bibi anampa mihogo saba, naye anaila yote. Kisha Tumbo anamwambia bibi apande. Bibi anakataa. "Mwambie mjukuu wangu," anasema, "aliyevuka ni yeye. Mimi niko kwetu. Akinitaka, njia anaijua." Tumbo anapeleka maneno hayo. Nzigire anaacha harusi ya kobe katikati, anapanda mgongoni, na hadithi inaisha wakiwa bado majini, kichwa cha kiboko kimeelekea nyumbani.

Kisha ugomvi ukaanza. Kijana mmoja alisema bibi angepanda, uzee si sababu. Mwingine akamjibu: bibi yako hana mbuzi. Mwanamke mmoja aliondoka, amejifunika uso kwa kitenge.

"Nzigire amekawia," alisema Pudentienne, kwa sauti iliyofika pande zote. "Toleo tatu nzima! Mbuzi walikufa kiu bakimungoja?"

"Wako kando ya muto," Mwalimu Sévère alijitetea. "Mbuzi wa kando ya muto hafi kiu."

"Basi ungeandika."

Watu wakacheka, hata wale wa pembeni. Sévère akaiomba karatasi, akaandika mbuzi wanakunywa maji. Maneno hayo ya Pudentienne ndiyo shukrani pekee ambayo Georgette anaikumbuka neno kwa neno, naye anaihesabu kuwa shukrani.

Wiki hiyohiyo alirudi. Walikuwapo wanawake waliovusha chumvi kwenda Uvira, kwa maana chumvi ilikuwa imekwisha mjini na hata waasi waliihitaji. Alijiunga nao, fungu la chumvi kichwani, kitenge kiunoni. Hakumuaga mtu isipokuwa Sévère, ambaye hakumzuia. Mji aliukuta umefungwa madirisha. Bati moja la nyumba yao lilikuwa limeondolewa. Mama Agathe alikuwa mlangoni, anamenya muhogo, miguu ameiweka juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Nani amekutuma?"

"Mwalimu Sévère."

"Ule wa kuandika uongo?"

"Ndiyo, mama."

"Ingia. Vua viatu! Bataona viatu, batajua weye ni mwalimu."

Akavua, akavizika nyuma ya nyumba, na hadi jeshi liliporudi mwezi wa kumi alitembea pekupeku, anatwanga sombe na kuuza ndagala kama binti yeyote wa mtaa. Waasi walipomhoji kwenye kizuizi cha barabarani aliwaambia hajui kusoma. Anasema ulikuwa uongo mgumu kuliko wote, kwa sababu macho yalitaka kusoma karatasi iliyokuwa mikononi mwao.

Chama cha Marafiki wa Nzigire hakikufufuka. Roneo ya mapadri ilichukuliwa. Cyprien alienda Kalemie, akafungua duka la kushona. Sévère alibaki Burundi akifundisha, akaandika vitabu vingine, vya wanyama tu, vizuri pia, lakini watu wa Uvira wanapokutana na Georgette sokoni leo, watu wenye wajukuu, wanataja Nzigire. Amebaki na matoleo matatu. Humwazima yeyote anayeomba, na huyafuata mwenyewe nyumbani kwa mwazimaji yakichelewa.

Mama Agathe aliishi hadi mwaka 1971. Hakuwahi kujua kusoma, wala kabla ya vita hakuwahi kuuliza binti yake anafanya nini Jumamosi zote zile na mtu wa roneo. Ilikuwa katika miezi ya viatu vilivyozikwa, mlango umefungwa mchana na hakuna pa kwenda, ndipo Georgette alipoanza kumsimulia Nzigire kwa kichwa, tangu kitabu cha kwanza. Mama alisikiliza akimenya. Harusi ya kobe ilimchosha. Mwizi wa ngoma alitaka arudiwe. Walipofika pale kiboko anaposema panda, na bibi anamwambia hapana, kisu kilisimama.

"Huyo mwalimu ananijua?"

"Hapana, mama. Hamjaonana."

Mama Agathe aliutazama muhogo mkononi, akaugeuza.

"Haya. Endelea."