Walionigawana Kabla ya Majibu

Daktari wa Bungoma alinikata kinyama kidogo kwenye titi la kushoto, akakitia ndani ya chupa na kuniambia kitapelekwa Eldoret kupimwa. Nikamwuliza majibu yatatoka lini. "Yakitoka tutakupigia simu," akasema, na kabla sijamaliza kufunga vifungo vya blauzi alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine.

Mimi ni fundi wa kushona. Kazi yangu iko Kitale, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Kalasinga mmoja mzee, na nilikuwa nimekwenda Bungoma makusudi ili wateja wangu wasinione kwenye foleni. Nilirudi nikidhani nitashona huku nikingoja. Mikono ilikataa. Moyo ulianza kwenda mbio bila sababu, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka hata asubuhi ya baridi. Siku niliyopachika mkono wa kushoto wa shati la shule upande wa kulia, mzee alitoka dukani akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama, wewe enda nyumbani pumzika. Mashine yako iko hapa, hakuna mtu atagusa."

Nyumbani ni Kabuchai, kwa marehemu baba, ambako shangazi yangu alibaki peke yake. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikwenda na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili. Nilipanga kunyamaza, lakini shangazi aliiona plasta nilipoinama kufua. Ikabidi nimweleze. Alifikiri kidogo, akasema, "Hata mama yako ilianza hivyo."

"Mama alikufa na kifua kikuu."

"Si ni kifua tu."

Jumapili ilipofika, kanisa zima lilijua. Wanawake wakaja na sukari na majani chai, wakakaa wakinisifu kama mtu aliyekwisha ondoka. Mmoja aliomba kwa sauti, "Bwana, mpokee," akajirudi haraka, "yaani, mponye." Hakuna aliyecheka. Niliitikia amina pamoja nao.

Shangazi hakuwa na haja ya kujirudi. Tukiwa tunakula, aligonga sufuria yangu kubwa kwa kijiko, ile niliyokuja nayo kutoka Kitale. "Hii ukienda nitabaki nayo. Kaka yako wa Matulo achukue godoro." Kisha akamgeukia binti yangu. "Na wewe ujifunze kukamua ng'ombe. Kwa watu hawakai bure."

Mtoto aliweka ugali chini na hakuugusa tena. Kuanzia siku hiyo alinifuata kila mahali. Nikiingia chooni alisimama nje ya mlango wa mabati na kuita, "Mama, uko?" Nikichelewa kujibu alisukuma mlango.

Nilichukua jembe. Sikuwa na hekima yoyote. Niligundua tu kwamba nikikaa nilikuwa mtu anayekufa, na nikipalilia nilikuwa mtu anayepalilia. Moyo ukianza mbio zake niliuacha ukimbie huku nikiangalia mche ulio mbele yangu, nikauondolea magugu, nikahamia mwingine. Shangazi alisimama ukingoni mwa shamba akinitazama.

"Unajichosha bure. Hutakula hayo mahindi."

Niliendelea kulima.

Nilikuwa bado shambani Kalasinga aliponipigia. Alisema kaka yangu amekuja na pikipiki akachukua mashine, ati mimi ndiye niliyemtuma kwa sababu sitarudi tena kazini. Mzee aliomba msamaha mara nyingi, mpaka mimi ndiye nikawa namtuliza. Nikampigia kaka yangu huko Matulo.

"Dada, si kuchukua," akasema. "Ni kuweka salama. Wewe unajua watu wa Kitale."

"Nani anashona hapo? Naisikia."

Ile sauti ya mashine nyuma ya kaka yangu ikakatika. "Ni mama watoto, anaijaribu tu."

Hatimaye simu ya hospitali ilikuja. Nilikwenda na binti yangu. Muuguzi alisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni: ni uvimbe wa kawaida, si saratani, lakini niwe nikirudi kuangaliwa kila baada ya miezi sita. Mtoto aliketi sakafuni pale pale kwenye korido akatapika. Nilifuta kwa leso yangu nikingoja furaha ije. Kilichokuja ni usingizi mzito.

Shangazi alisikiliza habari hiyo bila kuacha kuchambua maharagwe. "Hao madaktari hukosea," akasema. Baadaye akaongeza, "Ungetuambia mapema. Watu wameshajiandaa."

Nilipokwenda Matulo kudai mali yangu, mke wa kaka yangu hakuinuka kwenye mashine yangu. Alikuwa anashona sare za shule, kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Kaka yangu alinisindikiza mpaka barabarani. "Tumeshajipanga nayo, dada. Si umepona? Utapata ingine." Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

Kalasinga alinitolea stoo mashine kuukuu inayoruka mishono, na kwa mashine hiyo nikaanza upya.

Hofu haikuondoka na majibu yale. Kila miezi sita inanitangulia Bungoma na kunisubiri kwenye benchi. Nakwenda na nguo za wateja, napiga pindo kwa mkono mpaka niitwe. Binti yangu anakuja nami. Ameshamaliza shule sasa, na haulizi tena kama niko.

Mara ya mwisho tulikuwa tumetoka kwa daktari, majibu mazuri yamo mkobani, kaka yangu akapiga simu. Siku hizi hupiga kila nikienda kupimwa.

"Dada, wamesemaje?"

"Bado hawajasema."

"Yatatoka lini?"

"Wakitoa, nitakupigia."

Nikakata. Binti yangu aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia twende kwanza tununue uzi, maduka yakianza kufungwa tutakosa ule mweusi.